Nyumba ya Matofali na Nyumba ya Mikeka

Nyumba yangu ina dohani. Katika mji wote wa Garissa, ambako watu hutoa magodoro uani kwa sababu ya joto, mimi ndiye mwenye sebule iliyowekewa mahali pa kuota moto. Mzungu aliyeijenga alitoka nchi ya baridi akaja na mazoea yake yote, na nadhani mafundi wake walimwangalia tu wakasema, mwache, matofali ni yake. Meko yenyewe yako ukutani, yamezungushiwa matofali yaliyosimamishwa kama meno, na juu yake kuna ubao mnene ambao nimeweka saa, picha ya Kaaba na redio. Nilipoinunua nyumba, ndani ya dohani mlikuwa na popo. Sidhani hata wao waliwahi kuuona moto humo.

Naandika haya nikiwa mtu aliyechoka. Si mgonjwa, nimechoka. Biashara ya mifugo ni biashara ya kusimama. Unasimama mnadani kwenye vumbi, unasimama kwenye kizuizi cha barabarani ukieleza mbuzi ni wa nani, unasimama juu ya lori kwa sababu ng'ombe akilala atakanyagwa na wenzake. Sasa magoti yananiambia ukweli ambao watu wananificha. Shule niliingia kidogo nikatoka, na hata hivyo tajiri aliyesoma mpaka chuo kikuu akitaka kununua ngamia hunipigia mimi simu kwanza. Kutoka Tarbaj mpaka mtoni hapa, uliza ni nani anayeweza kumtazama ngamia amelala tu, hajainuka, akakuambia mguu upi utamsumbua. Utaletwa kwangu. Sijisifu, natoa habari.

Kwa hiyo nilipoona umri wa kukaa umefika, nilitaka kukaa vizuri, na nilitaka kukaa na mke wangu. Nilichokuwa nakitafuta ni hicho tu. Tulioana ujanani, tukalea watoto ambao sasa wako Nairobi na kwingine, na katika ndoa hiyo yote mimi nilikuwa mtu wa kupita. Naingia nyumbani kwetu, mtaa wa Galbet, na vumbi langu, nakula, nalala, alfajiri lori linapiga honi nje. Sauti yake kwenye simu niliijua kuliko uso wake. Nikajiahidi kwamba mwisho wa barabara tutakaa wawili mahali penye upepo, tunywe chai ya maziwa ya ngamia bila mtu kuaga.

Mahali hapo nilipachagua zamani sana. Ukitoka mjini ukafuata mto Tana, ukayapita mashamba ya migomba na ya matikiti, utaona ardhi imejiinua kidogo, na juu yake nyumba ya bati jekundu. Mzungu alilima pamba, halafu akalima kila kitu ambacho pamba ilikataa kuwa. Alileta injini ya kuvuta maji, akachimba mfereji, akapanda mistari ya miembe. Alipoondoka nyumba ikachukuliwa na bwana mkubwa wa serikali aliyekuja mwisho wa wiki na kuondoka na ndizi. Baada yake ikawa ya chama cha wakulima, wakafanyia mikutano sebuleni mpaka wakagombana. Halafu ikawa ghala la mbolea. Mwisho ikawa ya mbuzi, na ni mbuzi walioikuta katika hali mbaya kuliko wote, lakini hawakulalamika.

Mimi niliijua wakati wa chama. Nilikuwa kijana asiye na kitu, nikaajiriwa kung'oa magugu mferejini. Chai tulipewa nyuma, kwenye ukumbi mwembamba uliounganisha nyumba na jiko, tukinywa tumesimama. Kutoka pale uliweza kuona kipande cha veranda ya mbele na watu wamekaa wamenyoosha miguu. Nilikitazama kile kipande siku nyingi. Walionicheka wakati ule, baadhi yao leo wananiomba lifti.

Acha niieleze vizuri, maana wengi wameipita tu barabarani. Nyumba haikai chini. Sakafu imeinuliwa juu ya nguzo za matofali, kimo cha kifua cha mtu, na kati ya nguzo kuna matao wazi ili mto ukifurika maji yapite chini ya kitanda chako yaende zake. Kwenye nguzo kuna mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, kila furiko limeacha wake, na hakuna uliofika mlangoni. Matofali yalichomwa papo hapo kwa udongo wa mto; ukiyachunguza utaona alama za vidole. Kuta ni nene kiasi kwamba dirishani mtu mzima anakaa na sinia lake. Dari iko juu sana, na chini ya paa kumeachwa nafasi zenye wavu, hewa ya moto inapanda inatoka, ya baridi inaingia kutoka chini. Mchana wa jua kali ukiingia ndani unahisi kama mtu amekuwekea mkono wenye maji shingoni. Veranda inazunguka pande tatu, imeshikwa na nguzo za mkoma, ule mti wa mtoni ambao mchwa wanauonja na kuuacha. Na mbele kuna ngazi pana, zinatazama mto.

Niliitengeneza kwa muda mrefu. Kila nikiuza, nilitia nyumbani. Fundi alitaka kung'oa mbao za dari, nikamkatalia. Alitaka kuziba matao ya chini tupate stoo, nikamwambia mto utakuja kukuuliza. Vigae vya sakafu nilichagua mimi, vyenye maua. Pazia nilichagua mimi. Kitanda kilitoka Nairobi juu ya lori langu, makochi pia, ya rangi ya dhahabu. Jikoni nikaweka sinki, rafu na kila kinachostahili jiko la mwanamke aliyenivumilia. Ngazi za mbele nikazipiga lipu upya, nikazipaka rangi. Mke wangu aliponiuliza kwenye simu ninafanya nini huko mtoni, nilimwambia, "Tulia tu. Utaona."

Alikuja kuona siku ya Ijumaa, baada ya swala. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nimesimama juu ya ngazi. Nikaona bajaji inakuja, akashuka, amevaa vizuri sana. Mkononi alikuwa na mfuko. Akasimama chini ya ngazi akasema, "Hodi."

Nikadhani anafanya mzaha. "Hodi ya nini? Panda!"

"Hodi," akarudia.

"Karibu," nikasema.

Akapanda, akanipa mfuko. Ndani kulikuwa na sukari na majani ya chai, yale tunayobeba tunapokwenda kumtembelea mtu. Nikamzungusha nyumba nzima. Nikamwonyesha vigae, dari, sinki. Nikamwonyesha meko, nikamweleza kuhusu popo, akatabasamu kidogo. Kisha akakaa kwenye kochi la dhahabu, ukingoni kabisa, hakulegeza hata mtandio wake. Akanywa chai aliyoandaa msichana wa jirani. Akasifu chai. Akauliza habari za safari yangu kama watu wanavyoulizana. Kabla ya alasiri akainuka.

"Asante kwa chai. Nyumba nzuri, Mwenyezi Mungu aibariki."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Na bajaji ilikuwa ikimngoja nje. Hakuwa amemwambia dereva aende.

Habari kama hiyo mjini haifichiki. Kaka yake mke wangu ana duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na ana mdomo usio na mlango. Sisi mashemeji tunaitana *seedi*, na utani kati yetu ni haki. Nilipoingia kununua misumari aliinuka nyuma ya kaunta.

"Seedi! Nasikia ulipata mgeni Ijumaa. Alikula akashiba?"

"Nipe misumari."

"Nauliza kwa wema. Nauli ya bajaji ulimpa, au tajiri hatoi?"

Wateja wakacheka. Nikamwambia kama dada yake hataki nyumba yenye dari, arudi kwao. Akasema, "Yuko kwao, seedi. Wewe ndiye uko kwa mzungu."

Nilikwenda Galbet jioni ile ile. Nilikuta amekaa uani anachambua mchele. Sikukaa. Nikamwuliza kosa langu ni nini, maana wanawake wa mji huu wangekesha wakishukuru.

"Mlango wa nyumba ile nani aliuchagua?" akauliza, macho kwenye mchele.

"Mlango ulikuwepo. Mzungu aliuweka."

"Na kitanda?"

"Mimi."

"Na jiko?"

"Mimi na fundi."

"Basi nyumba ni ya mzungu, ni yako na ni ya fundi. Mimi nije nikae upande wa nani?"

Niligeuka nikatoka, mimi ambaye nimewanyamazisha madalali mnadani. Kwa sababu alichosema nilikijua tangu kuzaliwa. Kwetu porini nyumba ni ya mwanamke. Si maneno ya heshima, ni hivyo kabisa. *Aqal*, ile nyumba yetu ya mviringo, mama wa bibi harusi na shangazi zake ndio wanaoipinda miti yake na kuisuka mikeka yake. Mkihama, mke ndiye anayeifungua na kuipakia juu ya ngamia, na mkifika, ni yeye anayesema mlango uelekee wapi na mume alale upande gani. Mkigombana, mwanamume ndiye anayetoka na shuka lake. Hata ile nyumba ya Galbet, tulipopata kiwanja, yeye ndiye aliyesimama na wajenzi akiwaelekeza, mimi nikiwa njiani na mbuzi. Mtoni nilifanya kinyume cha yote hayo, nikamwalika kama mgeni, naye akaja kama mgeni. Mgeni mwema haombi kubadilishiwa kitanda.

Lakini nilikuwa na kiburi, na kiburi kinachoka polepole kuliko magoti. Nikarudi mtoni nikakaa peke yangu. Nikala mkate na chai. Vyumba vile vikubwa mchana vilikuwa na ubaridi mzuri na hakuna wa kuusifia. Nikikohoa, dari ilinijibu. Nilikaa kwenye kipande kile cha veranda nilichokitamani ujanani, nikanyoosha miguu, nikatazama mto wa rangi ya chai ukipita na magogo yake, na makorongo wakitembea ukingoni kama makarani. Nikaona hakuna hata mtu wa kumwambia, "Tazama wale." Nilikuwa nimefika. Na nilipofika nilikuwa nimechoka zaidi ya njiani.

Ni seedi yule yule aliyenifungua akili, bila kukusudia. Alikuja kuniletea bomba la maji, akatembea sebuleni, sauti yake ikigonga kuta. Akasema, "Ndiyo maana dada yangu haondoi aqal yake kule Kotile. Anajua siku moja utamfukuza."

"Aqal gani?"

"Ile ya harusi yenu. Iko kwa dada yetu mkubwa, imefungwa chini ya turubai. Kila mwaka anakwenda kuitazama."

Sikujua. Nilidhani iliishia kuwa kuni tulipohamia mjini. Asubuhi nikampigia dereva wangu aliyekuwa akishusha ng'ombe upande wa Ijara. Nikamwambia apite Kotile, asalimu kwa adabu, apakie kila kilicho chini ya turubai.

Sasa niambieni, mwanamume mwenye akili timamu angefanya hivyo? Wanaume watatu wa lori, waliozoea kushika mbuzi kwa miguu, wakapakie nyumba ya mwanamke? Dada mkubwa alikuwa kisimani. Alikuta turubai limekunjwa. Miti ile mirefu iliyopindwa wakaitupa juu ya lori kama kuni. Mikeka wakaikalia. Walipofika mtoni wakaishusha yote uani kwangu, chini ya mwarobaini, wakapiga honi wakaenda. Nikalitazama lile fungu. Baadhi ya miti ilikuwa imepasuka. Nikajua nimekwisha.

Dada mkubwa alikuwa ameshapiga simu. Bajaji ilikuja ikirusha mawe. Mke wangu alishuka na nguo za nyumbani, hakuwa na mfuko, hakusema hodi. Salamu alitoa, kwa kuwa ni wajibu, na baada ya hapo sikupata nafasi.

"Nani amekuambia ufungue nyumba yangu?"

"Sikufungua. Nilipakia tu."

"Ulipakia! Na nani? Na wale wezi wako wa mbuzi? *Warya*, wewe mwanamume, una akili au una lori tu?"

Akapiga magoti kwenye vumbi akaanza kuutoa mti mmoja mmoja, akiupitisha mkononi kutoka mwanzo mpaka mwisho. Alipofika kwenye uliopasuka aliulaza mapajani. Ukelele ulikuwa afadhali.

"Huu aliupinda mama yangu," akasema. "Aliuweka na maji, na moto mdogo, siku nyingi. Akaniambia, huu hautavunjika wewe ukiwa hai."

Mama mkwe wangu tulimzika zamani. Nikataka kusema nitanunua mwingine, na nashukuru ulimi ulikataa. Nikasema, "Nilitaka uwe na mlango wako." Sijui kama alisikia.

Kilichotusaidia ni mvua. Upande wa mto mawingu yalikuwa yamejaa tangu adhuhuri, na matone ya kwanza yakaanguka makubwa, yakitoboa vumbi. Mikeka ile ikiwa imefungwa vizuri juu ya miti haijali mvua, lakini ikiwa imelala chini hivi inaoza. Akainuka.

"Shika upande huo. Si hivyo! Umebeba ndama maisha yako yote, mkeka unakushinda?"

Tukabeba. Magoti yangu yalilia kila ngazi. Tukapeleka kila kitu verandani, tukakipanga kikavu, mvua ikipiga bati jekundu mpaka hatusikilizani. Akasimama pale akijifuta uso. Kwa mara ya kwanza niliona anaitazama nyumba: si vigae, si pazia. Alitazama juu kwenye boriti za veranda, akazipima kwa macho, akatikisa nguzo moja ya mkoma. Akaenda mpaka kona, akarudi. Kisha akampigia simu dada yake. Nilisikia, "Njoo na akina shangazi. Na sindano kubwa."

Akanigeukia. "Wanaume waondoke."

"Niende wapi? Mvua hii?"

"Huna mnada?"

Nilikwenda mnadani Tarbaj. Sikuwa na haja ya mbuzi na sikuwa na nguvu za barabara ile, lakini nyumba ikijengwa mwanamume hakai karibu akitoa maoni, na mimi maoni yangu nilikuwa nimeyatoa kwa saruji. Nililala kwenye hoteli za njiani, nikasimama kwenye vumbi, nikanunua wanyama wachache ili watu wasiniulize. Simu sikupiga. Niliogopa nikipiga nitasikia yuko Galbet.

Niliporudi, gari lilinishusha barabarani nikatembea kati ya migomba. Veranda sikuiona. Nikadhani macho yamechoka pia. Upande wote wa mbele ulikuwa umefunikwa kwa mikeka ya kahawia, imeshonewa kwenye boriti, imeshuka mpaka sakafuni, na miti iliyopindwa imeinama ndani ya nguzo za mzungu kama mbavu. Ule uliopasuka ulikuwa umefungwa kwa ngozi mbichi iliyokauka, mgumu kuliko zamani. Ngazi zangu za lipu mpya ziliishia kwenye mkeka. Hakukuwa na mlango.

Chini ya mwarobaini yalikuwapo makochi ya dhahabu, na juu ya moja seedi amejilaza, anakula tende.

"Seedi! Viti vyako ni vizuri sana vikiwa nje."

"Mlango uko wapi?"

"Nyumba ni yako, unaniuliza mimi?"

Nikazunguka. Mimi, mwenye nyumba, ninazunguka nyumba yangu na mfuko mkononi nikitafuta pa kuingilia. Nikapita ubavuni mwa nyumba, hakuna. Nikapita kona, nikafika nyuma, kwenye ukumbi ule mwembamba wa jikoni tuliponywea chai tumesimama. Hapo, palipokuwa na kona tupu ya veranda, palikuwa na upenyo wa chini kati ya mikeka miwili. Ndani nilisikia wanawake wakicheka, na nikanusa moshi. Nikainua macho: dohani ilikuwa inatoa moshi, mwembamba, wa ule mti tunaofukizia vibuyu vya maziwa.

Nikakohoa. Kicheko kikakatika.

"Nani?" akauliza mke wangu.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nilifikiri kidogo. "Mgeni," nikasema. "Hodi."

Wanawake wakacheka tena, sasa kwa nguvu, na mmoja akasema jambo kuhusu wazee na magoti ambalo sitaliandika.

"Karibu. Vua viatu. Umekula?"

Nikainama. Upenyo ulikuwa wa chini kweli, nikashika ukuta wa matofali kwa mkono mmoja. Ndani kulikuwa na kiza chepesi, na mwanga ukipita kwenye mikeka vipande vipande. Kitanda cha Nairobi sikukiona na sikuuliza. Alinionyesha upande wangu kwa kidevu, nikakaa, nikanyoosha miguu. Akaniletea chai, akakaa. Mtandio ulikuwa umeteleza mabegani, hakuurudisha.

Nje barabarani lori likapiga honi. Akanitazama. Nikamwambia si langu.